Medali shingoni, mfalme ng'ambo ya bahari

Serikali ya Leopold wa Pili ilikuwa na medali ya mashefu wa Kiafrika. Upande mmoja kilichorwa kichwa cha mfalme, ndevu zikimfika kifuani. Upande wa pili nembo ya dola, pamoja na maneno ya Kifaransa, Loyauté et Dévouement, uaminifu na kujitoa. Ilitolewa kwa madaraja, na shefu aliyepewa aliivaa shingoni siku za kodi, siku za mashauri, siku za kumpokea mkubwa kutoka bomani. Aliitwa shefu mwenye medali. Bila medali, mbele ya serikali hakuwa shefu, hata kama babu wa babu yake alizikwa juu ya kilima kile kile.

Leopold hakukanyaga Kongo hata siku moja. Aliimiliki tangu 1885 hadi 1908 akiwa Ubelgiji, na watu walioapa kumtii ndio waliokuwa macho yake, mikono yake na, wenyeji walikuja kulijua hilo vizuri, fimbo yake. Wafalme waliomfuata waliirithi ile medali, wakabadilisha uso tu.

Fizi ilikuwa mahali pagumu kwa chombo kama hicho. Wilaya inaanzia kusini mwa Uvira, inafuata ufuko wa Tanganyika hadi inapokutana na Kalemie, kisha inapanda milima na kuteremka upande wa pili kuelekea Maniema. Baraka iko chini kwenye ghuba ambayo ramani za Wazungu ziliiita ya Burton, na mbele yake rasi ya Ubwari imeziba upepo wa ziwa. Fizi yenyewe iko juu, kwenye baridi. Wabembe ndio wengi. Wapo pia Wabwari wa rasini, Wazoba wenye nyavu, Wasikasingo, Wabuyu, na kule kwenye malisho ya juu Wanyamulenge na ng'ombe wao. Wabembe hawakuwa na mwami, mfalme wa jadi, mmoja wa kuwakusanya wote. Mambo yalikatwa na wazee wa koo. Heshima kubwa ilipatikana ndani ya chama cha bwami, ambamo mtu alipanda ngazi kwa ngazi kwa malipo, kwa mafunzo na kwa tabia. Ofisa aliyefika na medali mfukoni, akitafuta shingo moja ya kuitundika, alikuta wazee wengi wakimtazama.

Historia ya Kongo tumeisoma kwa kawaida kama historia ya ukatili, na ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini Fizi inauliza swali ambalo ukatili peke yake haulijibu: watumishi wa mfalme waliofika huku walikuwa waaminifu kwa nani hasa, na uaminifu huo uliwafanya wawe nini mbele ya watu?

Wa kwanza kufika na kukaa walikuwa watu wa Mungu. Mapadri wa Kadinali Lavigerie, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifungua misheni Kibanga, upande wetu wa ziwa, mwaka 1883, wakaiita Lavigerieville. Walikuwa Wafaransa kwa wingi, na mkubwa wao alikuwa Algiers. Mwaka huo huo, kusini zaidi kwenye ufuko huo huo, Luteni Émile Storms alijenga ngome Mpala kwa niaba ya chama kilichoanzishwa na Leopold. Storms alikuwa askari wa Ubelgiji, na huku alijifanya mtemi: aliamua kesi, alifunga mikataba ya damu, alipiga vita. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Lusinga, mtawala wa Watabwa aliyekuwa na nguvu na biashara yake ya watumwa. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa. Fuvu lilisafirishwa hadi Ulaya, likaishia kwenye makusanyo ya taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels. Sanamu ya kichwa cha Storms mwenyewe ilisimama kwenye bustani ya mji huo kwa muda mrefu, hadi ilipoondolewa mwaka 2022.

Storms alidhani anamjengea mfalme dola kwenye Tanganyika. Mwaka 1885 Leopold, baada ya mkutano wa Berlin kumpa Kongo kupitia mdomo wa mto ulioko magharibi, aliona ziwa ni mbali na gharama ni kubwa, na Mpala ikakabidhiwa kwa mapadri. Luteni aliitwa arudi. Watu wa Lusinga walibaki na makaburi yao.

Miaka miwili baadaye mfalme alitafuta mtumishi wa aina nyingine. Februari 1887, Unguja, Stanley, mjumbe wa Leopold, alimletea Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, mkataba: awe wali wa Leopold kwenye maporomoko ya Stanley, ambako leo ni Kisangani, apandishe bendera ya dola ya Kongo, azuie biashara ya watumwa katika eneo lake, na alipwe mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maana ndilo jina lake halisi, mtu aliyekuwa na maelfu ya bunduki, kulipwa pauni 30! Wasomaji wengi wa historia wameicheka hesabu hiyo, nami nacheka nao, ila nadhani Tippu Tip naye alicheka kimoyomoyo. Alikuwa mtu wa Sultani wa Unguja kwa ukoo na kwa mikopo, na sasa akawa mtu wa mfalme wa Ubelgiji kwa karatasi. Wote wawili walihitaji jina lake kuliko yeye alivyohitaji bendera zao. Mwaka 1890 aliondoka bara kurudi pwani, na hakurudi tena.

Rumaliza, mfanyabiashara aliyekuwa na nguvu Ujiji na ncha ya kaskazini ya ziwa, hakuona sababu ya kuitii bendera hiyo. Wangwana waliokuwa wakifanya biashara kwenye ufuko huu, wale ambao lugha yao ndiyo tunayoandikia makala haya, walikuwa wakimtazama yeye. Vita vya 1892 hadi 1894 vilimaliza hesabu. Francis Dhanis aliongoza majeshi ya Leopold hadi Nyangwe na Kasongo, na mwanzoni mwa 1894 Rumaliza alishindwa, akavuka kwenda upande wa Wajerumani. Dhanis akapewa cheo cha baroni. Kwenye ufuko, bendera ya bluu yenye nyota moja ya dhahabu ikawa ndiyo bendera.

Hapo sasa watumishi wa mfalme walikuja kwa wingi, na si wote walikuwa Wabelgiji. Leopold aliajiri Wadenmaki, Waswidi, Wanorwe, Waitaliano. Frederik Olsen, Mdenmaki, aliingia jeshini Kongo mwaka 1898, akatumikia kwa miaka mingi upande huu wa Kivu na Ruzizi, akaja kuwa jenerali na mkuu wa Force Publique, jeshi lote la Kongo. Mtu wa Denmaki alikuwa na mfalme wake Copenhagen. Kilichomfunga kwa Leopold kilikuwa kiapo, mkataba wa miaka mitatu, nyota ya utumishi iliyoongezewa kipande kila awamu ilipokwisha, na mshahara.

Na bonasi. Hapa ningeomba msomaji akae kidogo, kwa sababu ndani ya bonasi hii mna siri yote. Mtumishi wa dola alilipwa nyongeza kwa pembe za ndovu na mpira aliokusanya, na kwa muda fulani kanuni ilikuwa hivi: kadiri alivyomlipa mwenyeji bei ndogo kwa kilo ya pembe, ndivyo asilimia yake mwenyewe ilivyopanda. Aliyenunua kwa haki aliadhibiwa mfukoni. Aliyepora alizawadiwa. Uaminifu kwa mfalme uliandikwa kwenye daftari la hesabu, na aliyetaka kuonekana mtumishi mwema Boma, makao makuu ya dola, au Brussels hakuwa na njia nyingine ila kumkamua aliye karibu naye. Si suala la roho mbaya ya Mzungu huyu au yule. Mtu mpole kabisa angewekwa kwenye kiti kile, kanuni ingemfundisha.

Askari nao waliapishwa. Wengi walikuwa vijana wa Maniema na Batetela, baadhi yao waliowahi kupigana chini ya Ngongo Lutete, shefu aliyewasaidia Wabelgiji katika vita vile vya Nyangwe na Kasongo na ambaye Wabelgiji hao hao walimpiga risasi Septemba 1893 kwa tuhuma ya usaliti. Hilo halikusahaulika. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg waliasi. Mwaka 1896 Leopold, aliyekuwa akitamani kuufikia Nili, alimtuma Dhanis na msafara mkubwa kupitia misitu ya kaskazini. Njaa na adhabu viliwachosha askari, na Februari 1897, mahali paitwapo Ndirfi, waligeuza bunduki dhidi ya maofisa wao. Ndugu yake Dhanis, Louis, alikufa katika uasi huo.

Waasi hawakutawanyika. Walishuka kusini kwa miezi na miaka, wakapita Kivu na bonde la Ruzizi, wakaitikisa Uvira, wakaingia milima iliyoko nyuma ya ziwa letu, na Novemba 1898 waliteka Kabambare, jirani wa Fizi upande wa magharibi. Kwa miaka mitatu, katika nchi hii ya kati ya Uvira na Kabambare, kulikuwa na majeshi mawili yaliyovaa sare moja na kubeba bunduki moja. Mkulima wa mlimani aliyesikia tarumbeta hakuweza kujua kama anayekuja ni mtumishi mwaminifu wa mfalme au mwasi wake. Na sioni kama ingemsaidia kujua, maana wote wawili walikula mihogo yake. Mabaki ya waasi yalivuka kwa Wajerumani mwaka 1900 na kusalimisha silaha huko.

Kuna ofisa mmoja ambaye jina lake watu wa Kivu walilitamka kila siku bila kumfahamu. Paul Costermans alikuwa askari wa Leopold aliyepanda cheo hadi kukaimu ugavana mkuu huko Boma. Mwaka 1904, baada ya kelele za Ulaya kuhusu mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa, mfalme alilazimika kutuma tume ya uchunguzi: Janssens Mbelgiji, Nisco Mwitaliano, de Schumacher Mswisi. Walisikiliza mamia ya mashahidi. Walipomaliza, walimweleza Costermans walichokuta. Machi 1905 alijikata koo kwa wembe. Hakuwa mbaya kuliko wengine, na wengi wanasema alikuwa nafuu. Alikuwa amemtumikia mfalme kwa uaminifu, na siku moja akasomewa uaminifu huo ulikuwa na maana gani kwenye vijiji. Baadaye, mwaka 1927, mji wa Bukavu uliitwa Costermansville. Mtu wa Baraka aliyekwenda kushitaki au kutafuta kazi kwenye makao makuu ya Kivu alikwenda kwenye mji wa Costermans, hadi jina la Bukavu liliporudishwa katika miaka ya 1950.

Kwingineko duniani taji liliwahi kuwa ngao ya wenyeji. Amerika ya Kaskazini, mwaka 1763, tangazo la George wa Tatu liliwakataza walowezi kuvuka milima ya Appalachia kuchukua ardhi za watu wa asili. Ndiyo maana vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, Joseph Brant wa Wamohawk na wenzake wengi walisimama upande wa mfalme. Hawakumpenda mtu wa London. Walihesabu kwamba mfalme aliye mbali ni nafuu kuliko mlowezi aliye mlangoni. Katika Kongo ya Leopold hesabu hiyo haikuwezekana, kwa sababu mfalme ndiye aliyekuwa mlowezi, mfanyabiashara na hakimu wa rufaa kwa pamoja. Mwenyeji aliyedhulumiwa na ofisa wa mfalme angemshitaki kwa nani?

Novemba 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo mkononi mwa mfalme wake. Sheria mama ya koloni, iliyopitishwa Oktoba mwaka huo, ilimwagiza gavana mkuu kulinda maisha ya wenyeji na kuboresha hali yao, na ilikataza mtu kulazimishwa kufanya kazi kwa faida ya makampuni au watu binafsi. Sasa ofisa wa Kibelgiji aliapa kumtii mfalme na pia katiba na sheria. Uso uliobadilika shingoni mwa mashefu ukawa wa Albert, ambaye tofauti na ami yake alikuja: mwaka 1909 akiwa mrithi wa kiti, na tena 1928 akiwa mfalme.

Kilichogeuza maisha ya Fizi ni sheria ya 2 Mei 1910, ile ya mashefu. Kila Mwafrika lazima awe chini ya shefu, kila shefu lazima atambuliwe na serikali, apewe hati na medali, alipwe kulingana na kodi ya watu wake, na awatoe wapagazi, wafanyakazi wa barabara na vijana wa jeshi anapoagizwa. Ni mpango mzuri kwa nchi yenye wami. Kwa Wabembe ulimaanisha kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo. Ofisa alizunguka kwa machela ya tipoyi, akaandika majina ya koo, akauliza mkubwa ni nani, na aliyejibu kwa sauti zaidi, au aliyejua Kiswahili cha bomani, mara nyingine akaondoka na mnyororo wa medali shingoni. Wazee wenye heshima ya kweli walikuwa na sababu nzuri za kumsukuma mbele mtu mwepesi: matusi ya kodi yamwangukie yeye, wao waendelee na mambo yao.

Kisha Wabelgiji walilalamika katika taarifa zao kwamba mashefu wa huku ni wadogo mno, wengi mno, hawatiiwi. Sheria ya 5 Desemba 1933 ilileta dawa: palipokuwa na vijishefu vingi viunganishwe kuwa sekta, na sekta ipewe mkuu mmoja aliyeteuliwa, mahakama, polisi na hazina yake. Ndipo ramani ya Fizi ilipopata umbo tunalolijua, la sekta: Mutambala, Tanganyika, Ngandja, Lulenge. Washi waliendelea na wami wao, Wafuliiru na wa kwao. Fizi ikawa nchi ya sekta, na mkuu wa sekta ni mtu ambaye karatasi yake inatoka juu.

Sheria hiyo hiyo ya 1933 ilimfungulia administrata, ofisa mkuu wa wilaya, mlango wa kazi za lazima, siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanaume wa kijijini, pamoja na mazao aliyoamriwa. Katika bonde la Ruzizi na kwenye tambarare za ufukoni, zao hilo lilikuwa pamba. Pamba hailiwi, na bei yake ilipangwa na wengine. Aliyekataa alijua kiboko. Idadi halali ya viboko ilishushwa hadi 8 mwaka 1933, ikashuka hadi 4 mwaka 1951, na adhabu yenyewe ilifutwa mwaka 1959, wakati uhuru ulikuwa umeshapiga hodi. Haya yote yalifanywa na watu waliojiona wana nia njema. Wengi wa maadministrata wa kipindi hicho walisomea chuo cha kikoloni Antwerp, waliandika taarifa ndefu juu ya mila, walijua mahari ya Wabembe ni mbuzi wangapi. Kumjua mtu na kumsikiliza ni mambo mawili.

Chama cha bwami kilikuwa mfupa kooni mwao. Hapo palikuwa na utii wa kweli, wenye viapo vyake, alama zake na watu wake wa juu, wanaume kwa wanawake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopitia bomani. Mwaka 1948 serikali ilikipiga marufuku. Mwaka mmoja baadaye mtafiti Daniel Biebuyck alifika kufanya kazi miongoni mwa Wabembe, akaanza kuandika mambo ya chama ambacho dola iliyomruhusu kuja ilikuwa imekifuta.

Ng'ambo ya ziwa, Burundi, mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Huko Wabelgiji walimkuta mwami Mwambutsa, mtoto bado, na ufalme wenye mizizi. Pierre Ryckmans, aliyekuwa mkazi wa serikali huko katika miaka ya 1920, aliamini katika kutawala kupitia mwami huyo na mashefu wake. Alijifunza Kirundi, akaja kuandika kitabu mwaka 1931 chenye jina lisemalo kutawala ili kutumikia. Lakini hata mwami alikuwa salama tu pale alipokubali kuwa wa pili. Yuhi Musinga wa Rwanda alikataa. Mwaka 1931 walimvua ufalme, na mwaka 1940 walimpeleka uhamishoni Moba, kwenye ufuko wa kusini wa ziwa hili hili, akafia huko mwaka 1944. Mtu aliyeapa kumtumikia mfalme mmoja hakuona shida kumng'oa mwingine.

Ryckmans ndiye aliyekuwa gavana mkuu Léopoldville, Kinshasa ya leo, mtihani mkubwa wa kiapo ulipofika. Tarehe 28 Mei 1940 Leopold wa Tatu alisalimu amri kwa Wajerumani na kukaa mateka. Serikali yake ilikimbilia Ufaransa, kisha London. Kwa muda kidogo mawaziri walitangatanga wasijue la kufanya. Kumtii mfalme kulimaanisha nini sasa, wakati mfalme mwenyewe ameacha vita? Walowezi na maofisa waligawanyika. Ryckmans aliamua Kongo ibaki vitani upande wa Uingereza. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa mtu jasiri, na historia ya Ubelgiji inampongeza kwa haki.

Ila bili ililetwa kijijini. Mwaka 1942 siku za kazi za lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Theluthi ya mwaka! Mpira wa porini ulirudi, ule ule ambao wazee walidhani ulizikwa na Leopold wa Pili. Dhahabu ya Kivu ilichimbwa kwa nguvu zaidi. Mchele na pamba vilidaiwa. Askari wa Kongo walikwenda hadi Ethiopia, na Julai 1941 jenerali wa Kiitaliano Gazzera alisalimu amri kwao huko Saïo. Ofisa aliyekuwa na dhamiri juu ya nchi yake ya Ulaya hakuulizwa juu ya dhamiri ya mtu wa Ngandja aliyekosa siku za kulima shamba lake. Ryckmans aliliona, tunajua hivyo, kwa sababu alipoaga mwaka 1946 alisema wazi kwamba raia wa vijijini wamechoka na kwamba siku za ukoloni zimekwisha. Mtumishi wa taji alikuwa anaondoka, na hapo ndipo aliposema.

Mwaka 1955 Mfalme Baudouin, kijana mwembamba wa miaka 24, alizunguka koloni na watu wakampokea kwa shangwe, wakamwita Bwana Kitoko. Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Juni 1960, alisimama Léopoldville akamsifu Leopold wa Pili kuwa mwanzilishi mwenye busara, na waziri mkuu Lumumba akamjibu palepale kwa orodha ya kazi za shokoa, matusi na mapigo. Hotuba hizo mbili zinajulikana, sitazirudia.

Kinachojulikana kidogo ni jinsi Fizi ilivyotafsiri uhuru huo. Miaka minne haikupita, waasi walioitwa Simba waliinuka. Waliokuwa na karatasi ya serikali, mkuu wa sekta, karani, polisi, walijikuta upande mbaya popote Simba walipopita. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kutua upande wa Kibamba, akakaa milimani hadi Novemba akijaribu kufundisha mapinduzi kwa watu ambao, kama daftari lake linavyolalamika, hawakumtii. Kiongozi wa waasi Laurent Kabila aliendeleza maficho yake katika milima hiyo hiyo kwa miaka mingi. Kila aliyekuja na bendera alitaka Fizi imtii, na kila mmoja alishangaa.

Mwaka 2020 Mfalme Philippe aliandika barua ya masikitiko kwa Rais Tshisekedi, na Juni 2022 alikuja mwenyewe, Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Kinshasa alirudia masikitiko hayo. Kuomba radhi hakuomba. Huku ziwani wengi walikuwa na shughuli nyingine: barabara ya Uvira, makundi yenye silaha, wakimbizi waliofika Baraka wakitoka milimani.

Ofisini Fizi bado kuna administrata wa wilaya, AT, jina lile lile. Anateuliwa Kinshasa, na mara nyingi anatoka mkoa mwingine kabisa. Chini yake sekta ni zile zile nne. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inasema mkuu wa sekta achaguliwe na baraza la sekta, ambalo nalo lichaguliwe na wananchi. Desemba 2023 Wakongo walipiga kura ya rais, ya wabunge, na katika miji mikuu ya mikoa ya madiwani wa komini. Sekta za Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge hazikupigiwa kura ya baraza, na wakuu wake wanaendelea kupata karatasi zao kutoka juu.